Breki za pikapu: Jinsi ya kuziimarisha bila kutumia pesa nyingi

KATIKA eneo la Sericho, kaunti ya Isiolo, pikapu moja hufanya kazi ya magari manne. Asubuhi hupakia mbuzi wa kupelekwa sokoni, adhuhuri hubeba mitungi ya maji, jioni huleta unga na sukari kutoka mjini, na usiku huweza kugeuzwa ambulensi ya kumkimbiza mama mjamzito hospitalini.

Gari kama hilo likipungukiwa na nguvu za breki, hasara haimwangukii mwenyewe pekee. Humwangukia pia abiria aliyeketi juu ya magunia, mchungaji anayevusha mifugo wake barabarani na mtoto anayekatiza kituo cha biashara akienda dukani.

Hata hivyo, wenye pikapu wengi huahirisha matengenezo ya breki wakidhani kwamba ni lazima wanunue vifaa vipya, vikubwa na vya bei ghali. Dhana hiyo si sahihi. Breki nyingi zilizo dhaifu hazikuundwa zikiwa hivyo. Zimedhoofishwa na vumbi, mafuta yaliyochakaa, marekebisho ya springi na mzigo uliopita kiasi. Kuzirejeshea nguvu zake za awali hugharimu kidogo sana kuliko kuzibadilisha.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua, pamoja na sababu zake, ili mwenye gari ajue la kumwambia fundi na la kukataa.

Tambarare huficha ubovu

Sericho iko katika eneobunge la Isiolo Kusini, kwenye nyanda kavu za mto Ewaso Nyiro, ambao huelekea kinamasi cha Lorian. Ardhi yake ni tambarare, na dereva anaweza kusafiri mwendo mrefu bila kukanyaga breki kwa nguvu hata mara moja.

Hapo ndipo hatari ilipo. Breki mbovu zaweza kukaa miezi kadhaa bila kutambuliwa, hadi siku ngamia anapochomoza ghafla kutoka vichakani. Mnyama huyo ana miguu mirefu, na akigongwa na gari, mwili wake mzito huangukia kioo cha mbele na paa, mahali walipoketi watu.

Mtihani wa pili hutokea mbali na nyumbani. Mfanyabiashara anayepanda Timau au Meru kununua viazi na kabeji huteremka akiwa na shehena. Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari ilhali mji wa Isiolo uko takriban mita 1,100. Breki zilizozoea tambarare hujikuta zikifanya kazi bila kupumzika.

Mtihani wa tatu ni lami yenyewe. Barabara ya kutoka Isiolo kupitia Kula Mawe hadi Modogashe ni sehemu ya ushoroba wa kuelekea Mandera, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha ufadhili wa kuuboresha mwaka 2020. Popote lami inapofika, mwendo wa magari hupanda mara moja, lakini breki hubaki zile zile zilizotumika kwenye changarawe.

Breki hufanya kazi kama jiko

Kazi ya breki ni kugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Pikapu yenye uzito wa kilo 2,800 pamoja na mzigo, ikienda kilomita 80 kwa saa, ina nishati inayotosha kuchemsha takriban lita mbili za maji. Kila inaposimamishwa kutoka mwendo huo, joto hilo lote huingia katika vyuma vya breki ndani ya sekunde chache.

Ikienda kilomita 100 kwa saa, nishati hiyo hutosha lita tatu na ushei. Mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini joto limeongezeka kwa zaidi ya nusu. Mzigo ukiongezeka maradufu, nishati nayo huongezeka maradufu. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati huongezeka mara nne.

Kwenye mteremko hali huwa nzito zaidi. Pikapu hiyo ikishuka kimo cha mita 1,000, na dereva akiiachia breki kazi yote, joto linalozalishwa linaweza kuchemsha mitungi minne ya maji ya lita 20 kila mmoja. Hakuna breki ya pikapu iliyoundwa kubeba joto hilo peke yake.

Kwa hiyo, dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Dereva ateremke kwa gia ya chini ili injini ilizuie gari, na akanyage breki kwa vipindi, kwa nguvu kisha kuachia, badala ya kuikanyaga kidogo kidogo safari nzima. Kutoa gia kwenye mteremko kwa nia ya kuokoa mafuta ni kuziba mfuko mmoja huku mwingine ukitoboka.

Mafuta ya breki huzeeka

Mafuta ya breki ndiyo yanayosukuma nguvu ya mguu wa dereva hadi kwenye magurudumu. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, hata katika nchi kavu, kupitia mipira na kifuniko cha chombo chake.

Yakiwa mapya, mafuta ya daraja la DOT 3 hayachemki chini ya nyuzijoto 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzijoto 140. Kwa DOT 4, viwango hivyo ni 230 na 155.

Mafuta yakichemka, hutoa mapovu ya mvuke. Mvuke hubonyea ilhali mafuta hayabonyei, kwa hivyo pedali huzama hadi sakafuni na gari halisimami. Ndiyo maana dereva aliyeteremka salama nusu ya mlima hukosa breki ghafla katika nusu iliyobaki.

Suluhisho ni kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya kila baada ya miaka miwili, au mapema yakiwa yamegeuka rangi na kuwa meusi. Bei ya chupa moja haifikii bei ya mbuzi, na hakuna matengenezo mengine ya breki yenye faida kubwa kwa gharama ndogo kama hayo.

Gari lililoundwa kutumia DOT 3 kwa kawaida laweza kutiwa DOT 4, kwani yote mawili ni ya jamii moja, lakini kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isichanganywe na hayo kamwe. Chupa iwe imefungwa na lakiri yake. Mafuta yaliyokaa wazi rafuni yamekwisha kuanza kunyonya maji.

Fundi akishatia mafuta mapya, ni lazima atoe hewa yote katika mfumo. Katika pikapu nyingi kazi hii huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu na kumalizia lililo karibu. Pedali inayobonyea kama sifongo ni dalili kwamba hewa bado imo ndani.

Onyo moja linahitaji kusisitizwa. Mtu aliyekwama nyikani huweza kushawishika kutia mafuta ya injini au ya usukani mahali pa mafuta ya breki. Mafuta hayo huivimbisha mipira yote ya mfumo na kuiharibu. Akiokoa safari moja, atalipia silinda zote.

Breki za nyuma zilizosahaulika

Pikapu nyingi zina breki za diski mbele na za dramu nyuma. Ndani ya dramu mna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo mafundi huviita shuu, na hivyo ndivyo vinavyotanuka na kushika dramu kwa ndani.

Shuu zikilika, nafasi kati yake na dramu huongezeka. Gari lina kifaa kidogo cha kujikaza chenye meno, lakini vumbi laini na kutu hukifanya kigande. Matokeo yake ni pedali inayoshuka mbali kabla ya kushika, breki ya mkono inayopandishwa hadi mwisho, na breki za mbele kubeba kazi ya zote nne.

Kazi ya kuzirekebisha ni ya saa chache. Fundi huvua dramu, husafisha vumbi, hulainisha kifaa cha kujikaza kwa grisi kidogo inayostahimili joto, kisha hukikaza hadi shuu ziguse dramu kwa mbali sana gurudumu linapozungushwa. Gharama yake ni ujira wa fundi tu, na dereva huona tofauti siku hiyo hiyo.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya mashine. Baadhi ya shuu za zamani ziliundwa kwa asbesto, madini yanayoharibu mapafu. Lioshwe kwa maji ya sabuni.

Wakati huo huo, fundi aangalie kama kuna umajimaji karibu na silinda ndogo ya gurudumu. Mafuta ya breki au grisi ya ekseli yakiingia kwenye shuu, hazishiki tena ipasavyo hata zikifutwa. Sili inayovuja ibadilishwe kwanza, ndipo shuu mpya zifungwe.

Wanaovuka laga wakati wa mvua wana sababu ya ziada ya kufanya ukaguzi huu. Matope huingia ndani ya dramu na kukauka humo. Baada ya kutoka majini, dereva aendeshe polepole huku akikanyaga breki kidogo mara kadhaa ili zikauke, kabla ya kurudia mwendo wake.

Springi zilizoongezwa huidanganya breki

Hili ndilo jambo ambalo wenye pikapu wengi hawalijui. Pikapu ikiwa tupu, sehemu ya nyuma ni nyepesi, na breki za nyuma zikipewa nguvu nyingi magurudumu hujifunga na gari huserereka. Ikiwa imejaa, sehemu hiyo huwa nzito na huhitaji nguvu zaidi.

Ili kutatua tatizo hilo, pikapu nyingi, zikiwemo aina nyingi za Toyota Hilux na Land Cruiser zisizo na mfumo wa elektroniki wa kugawa nguvu za breki, zilifungwa vali maalumu chini ya bodi. Vali hiyo huunganishwa na ekseli ya nyuma kwa ufito wa chuma. Bodi inapodidimia kwa uzito wa mzigo, ufito husukuma vali, nayo huruhusu nguvu zaidi kwenda nyuma.

Sasa mwenye gari anapoongeza mabamba ya springi ili abebe zaidi, bodi huinuka na haididimii tena kama awali. Vali hudhani kwamba gari ni tupu hata likiwa na tani nzima mgongoni. Breki za nyuma hunyimwa nguvu wakati ule ule zinapohitajika zaidi, na za mbele hupata joto kupita kiasi.

Kwa hiyo, kila springi zinapobadilishwa, ufito huo nao urekebishwe kulingana na kimo kipya, kwa kufuata vipimo vya mtengenezaji. Kazi hiyo haihitaji spea ya bei ghali. Fundi pia ahakikishe kwamba ufito haujagandishwa na kutu wala kupindwa na mawe.

Wapo wanaoufunga ufito huo kwa waya ukiwa juu kabisa ili breki za nyuma zipate nguvu wakati wote. Huko ni kukimbia moshi na kuingia motoni. Pikapu hiyo ikiwa tupu, nyuma itaserereka na kugeuka kwenye changarawe breki zinapokanyagwa ghafla.

Ununuzi wa pedi

Baada ya hayo kukamilika, ndipo pesa za spea zitumike. Kwa kuwa uzito wa gari huegemea mbele linaposimama, pedi za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Sehemu ya msuguano ikibaki milimita tatu, zibadilishwe. Zikisubiriwa hadi chuma kiguse chuma, diski itaharibika, na bei yake ni kubwa kuliko ya pedi.

Soko la spea lina bidhaa bandia, na taifa lilitunga sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa za aina hiyo. Pedi zisizo na jina la mtengenezaji, zenye maandishi yanayofutika kwa kidole au zinazomeguka pembeni zisinunuliwe, hata zikiwa nusu bei. Duka linalokubali kuandika stakabadhi lina la kuogopa likiuza uongo.

Pedi zibadilishwe kwa jozi, kulia na kushoto pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Vyuma ambavyo pedi huteleza juu yake visafishwe na kutiwa grisi ya joto. Diski ipimwe unene. Kiwango cha chini kwa kawaida huwa kimechorwa kwenye diski yenyewe.

Pedi mpya hazishiki vyema mara moja. Mahali pasipo na watu wala magari, dereva apunguze mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 15 kwa ukanyagaji wa wastani, mara kumi hadi ishirini, akiacha nafasi ya breki kupoa kila baada ya mara moja. Asisimame kabisa zikiwa moto.

Mipira ya breki nayo ikaguliwe. Ikiwa imepasuka, imevimba au inatanuka pedali inapokanyagwa, sehemu ya nguvu za mguu hupotelea humo.

Tairi na mzigo

Breki husimamisha gurudumu, lakini tairi ndiyo inayosimamisha gari. Tairi iliyoisha meno au isiyo na upepo wa kutosha hufanya kazi yote iliyotangulia kuwa bure.

Tairi kubwa kuliko zilizokusudiwa nazo zina gharama iliyofichika. Kadiri kipenyo kinavyoongezeka, ndivyo breki inavyolazimika kupambana na wenzo mrefu zaidi. Kutoka tairi ya kimo cha inchi 29 hadi ya inchi 31, breki hupoteza takriban asilimia sita ya nguvu zake, na tairi hizo huwa nzito pia.

Kuhusu mzigo, hesabu ni rahisi. Pikapu iliyoundwa kubeba tani moja ikibebeshwa mbili, hakuna pedi ya bei yoyote itakayorudisha umbali ule ule wa kusimama.

Dalili na vipimo

Mwenye gari anaweza kufanya majaribio machache bila vifaa. Injini ikiwa imezimwa, akanyage pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, aishikilie, kisha awashe injini. Pedali ikishuka kidogo, busta inayoongeza nguvu za mguu ni nzima. Isiposhuka, busta, mpira wake au pampu yake ina hitilafu.

Akiishikilia pedali kwa nguvu kwa muda wa dakika moja nayo ikaendelea kuzama polepole, mafuta yanavuja mahali fulani au silinda kuu imechoka. Gari hilo lisisafiri.

Baada ya safari, asogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto jingi kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki yake imekwama na haiachii.

Mwisho ni jaribio la umbali. Kwenye uwanja mtupu wa changarawe ngumu, dereva asimamishe gari kutoka kilomita 40 kwa saa na kuhesabu hatua kutoka alama alipokanyaga breki. Ikikadiriwa kwamba changarawe hushika kwa kiasi cha kawaida, umbali wa kama mita 16 ni wa kuridhisha. Jaribio hilo hilo lifanywe kabla na baada ya matengenezo, kwa mzigo ule ule, ndipo itajulikana kama pesa zimezaa matunda.

Mwendo ndio breki ya kwanza

Hata breki nzuri kabisa zina mipaka. Dereva huchukua karibu sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga pedali. Akienda kilomita 80 kwa saa, gari huwa limekwenda mita 33 kabla breki hazijaanza kazi. Juu ya changarawe hiyo hiyo, litahitaji mita 63 nyingine ili lisimame, jumla ya mita 96.

Akipunguza hadi kilomita 60, jumla hiyo hushuka hadi takriban mita 60. Kwa kilomita 40, ni takriban mita 32. Sheria ya trafiki inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara, na hesabu hizi zinaonyesha ni kwa nini.

Kwa mwenye pikapu asiye na pesa nyingi, basi, utaratibu ni huu: apunguze mwendo na mzigo leo, abadilishe mafuta ya breki na kukaza breki za nyuma mwezi huu, arekebishe ufito wa vali kama springi ziliongezwa, kisha aweke akiba ya pedi na tairi nzuri. Asipoanza na hayo, vifaa vikubwa vya bei ghali havitamfaa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika barabara za Sericho, ufa huo ni chupa moja ya mafuta na saa chache za fundi. Ukuta ni ngamia wa jirani, au mtoto wake.